UA LA MANJANO KANDO YA RELI: SI ALIZETI, NI MBOLEA

Mtu apandaye gari la moshi la abiria katika stesheni kuu ya Nairobi kwenda upande wa Makadara, wakati mvua kubwa za Machi hadi Mei zinapokaribia kwisha, hana haja ya kuambiwa kwamba ardhi imekunywa maji ikatosheka. Kando ya njia, juu ya kingo za mito na penye viwanja vilivyoachwa wazi, huona vichaka virefu vilivyojaa maua ya manjano, makubwa kama kiganja cha mkono. Watoto huyachuma wakayachezea. Watu wazima huyatazama, wakasema kwamba hiyo ni alizeti mwitu, kisha wakaendelea na safari zao.

Jina hilo la alizeti ndilo linalowapotosha watu. Chukulia karani aishiye katika mtaa wa Jericho, mwenye kipande cha ardhi nyuma ya nyumba kisichozidi upana wa chumba kimoja, na kuku kumi ndani ya banda. Ameambiwa kwamba mbegu za alizeti hunenepesha kuku. Basi akipita kando ya mto akaona maua yale, hufurahi kwamba amepata mbegu bila ya kutoa hata senti moja. Hukusanya vichwa vilivyokauka, akang'oa sukuma wiki zake zilizodhoofika, akapanda mbegu zile mahali pake, akangoja. Miezi hupita. Kinachoota ni kichaka chenye matawi mengi, kinachozidi kimo cha mtu, na mbegu zake ni nyembamba kama makapi. Kuku huzidonoa mara moja wakaziacha. Msimu mzima umepotea, na mboga za nyumbani sasa zinanunuliwa sokoni.

Walakini karani huyo hakukosea kwa kuuleta mmea ule nyumbani. Kosa lake ni kutoujua. Alikuwa na mbolea ya sukuma wiki zake mkononi, naye akadhani ni chakula cha kuku.

MMEA WENYEWE NI UPI?

Mmea huo huitwa tithonia. Wataalamu wa mimea huuita Tithonia diversifolia, na neno hilo la pili maana yake ni kwamba majani yake ni ya maumbo mbalimbali. Yafaa neno hilo likumbukwe, kwa kuwa ndilo litakalomsaidia mtu kuutambua. Asili yake ni Mexico na nchi za Amerika ya Kati. Uliletwa Afrika kwa sababu ya uzuri wa maua yake, ukapandwa kuwa ua la bustani na uzio wa nyumba, kisha ukatoroka bustanini ukaenea wenyewe barabarani na kando ya mito. Watu wa Kenya wameupa majina yao kwa kufuata ladha ya majani yake: Waluo huyaita maua yake makech, na Wakikuyu huuita maruru, na majina yote mawili yataja uchungu.

Ni kweli kwamba tithonia na alizeti ni ndugu. Jamaa yao ni kubwa sana, na wengi katika jamaa hiyo ni wageni wa kila siku nyumbani mwa msomaji: pareto ya Nyandarua na Nakuru, saladi iuzwayo sokoni, mchunga uliwao Pwani, na hata kishona nguo, lile gugu linaloshika suruali ya mtu apitaye njiani. Wote wana alama moja ya ukoo. Kile kinachoitwa ua, kwa kweli si ua moja, bali ni kusanyiko la vijiua vingi vidogo vilivyobanana juu ya kitako kimoja.

Mtu akitaka kuhakikisha, na avunje ua moja la manjano katikati, alitazame kwa makini. Ataona kwamba kile kiini cha duara kimefanywa kwa vijiua vingi vyembamba, na kila kimoja kikichavushwa huzaa mbegu moja. Zile petali ndefu za ukingoni nazo kila moja ni kijiua peke yake. Katika alizeti na tithonia vijiua hivyo vya ukingoni havizai mbegu. Kazi yake ni kuwaita nyuki. Kwa kuwa ndugu hawa wote wamejengwa namna moja, kutazama ua peke yake hakutoshi kumtenga huyu na yule. Ni lazima kutazama jani, shina na mzizi.

ALAMA NNE ZA KUITAMBUA

Alama ya kwanza ni jani. Jani la alizeti ni pana, lina umbo la moyo, wala halikugawanyika. Jani la tithonia, hasa la chini na la katikati ya tawi, limegawanyika kama kiganja chenye vidole vitatu au vitano. Majani ya juu kabisa, karibu na ua, huenda yasigawanyike. Ndiyo maana ya lile jina la maumbo mbalimbali. Basi mtu asihukumu kwa jani moja la juu, bali ayatazame na yale ya chini.

Alama ya pili ni kikonyo cha ua. Alizeti kwa kawaida hubeba kichwa kimoja kikubwa kilicho kizito, kinachoinama kikikomaa. Tithonia hubeba vichwa vingi, kila kimoja juu ya kikonyo chake kirefu. Kikonyo hicho huvimba kidogo chini ya ua, na kikivunjwa hapo huonekana kuwa ni kitupu ndani kama mrija.

Alama ya tatu ni maisha ya mmea. Alizeti ni mmea wa msimu mmoja: huota, huchanua, huzaa, na baada ya miezi mitatu au minne hufa. Tithonia ni kichaka cha kudumu. Shina lake la chini huwa gumu kama mti, na likikatwa huchipua tena. Kichaka hufika mita mbili au tatu kwa urefu.

Alama ya nne ni uchungu na harufu. Mtu akilisugua jani la tithonia kati ya vidole, harufu kali hutoka. Na uchungu wake ni wa kuweza kukumbukwa kwa muda mrefu, ingawa hakuna haja ya kulitia mdomoni ili kuujua.

Yuko pia ndugu mwingine wa tithonia, mwenye maua ya rangi ya machungwa, apandwaye katika bustani za maua. Huyo huishi msimu mmoja tu, wala siye anayezungumzwa hapa.

NDUGU MBAYA WA JAMAA HIYO

Kuna mmea mwingine wa jamaa hiyohiyo ambao yafaa kila mkazi wa Eastlands aujue kwa sura, ili asije akauchanganya na mimea ya kufaa. Huitwa patheniamu. Nao asili yake ni Amerika. Majani yake yamekatikakatika sana kama majani ya karoti, na maua yake ni meupe, madogo mno, mengi kwa pamoja. Mtu akiutazama kwa mbali huweza kudhani ni ua la kupendeza la kupanda mlangoni.

Asiupande kamwe. Patheniamu huwatoa watu wengi vipele na mwasho wa ngozi wakiushika mara kwa mara, na chavua yake huwaletea wengine pumu. Ng'ombe akiula, maziwa yake huwa na uchungu. Mmea mmoja huweza kuzaa mbegu elfu nyingi, na popote unapoenea, majani ya malisho hupotea. Serikali ya Kenya iliutangaza kuwa gugu la hatari katika mwaka 2010. Yeye auonaye katika kiwanja chake na aung'oe pamoja na mizizi kabla haujachanua, akiwa amevaa glavu au amefunika mikono kwa mfuko wa nailoni, wala asiutie katika shimo la mboji ukiwa na maua au mbegu.

KILICHOGUNDULIWA MASENO

Kwa miaka mingi tithonia ilihesabiwa kuwa ni ua la uzio tu. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa shirika la utafiti wa kilimo-misitu liitwalo ICRAF, lenye makao yake Gigiri, Nairobi, wakishirikiana na taasisi za Kenya za utafiti wa misitu na wa kilimo, walifanya majaribio huko Maseno na katika mashamba ya wakulima wa Kenya ya magharibi. Nchi ile ina watu wengi na mashamba madogo, na udongo wake umelimwa mwaka baada ya mwaka mpaka umechoka. Watafiti walitaka kujua ni majani gani yapatikanayo bure ambayo huweza kuurudishia udongo nguvu.

Walipoyapima majani mabichi ya tithonia waliyaona kuwa na utajiri usio wa kawaida. Katika kila kilo 100 za majani yaliyokaushwa mna kilo 3.5 hivi za naitrojeni, ambayo hukuza majani ya mmea. Kilo 4 hivi za potasi, ambayo huupa mmea nguvu ya kustahimili. Na robo tatu hivi ya nusu kilo ya fosforasi, ambayo hukuza mizizi. Tena majani hayo ni laini, huoza upesi. Yakifukiwa katika udongo wenye unyevu, sehemu kubwa ya chakula chake humfikia mmea katika muda wa wiki mbili tu, wakati majani ya mimea mingine huchukua miezi.

Katika majaribio kadhaa mahindi yaliyopewa tithonia yalizaa sawa na yale yaliyopewa mbolea ya dukani yenye kiasi kilekile cha chakula, na mara nyingine yakazidi. Lakini watafiti waligundua neno lingine, ambalo ni la maana sana kwa mkazi wa mjini. Kukata na kubeba majani hayo ni kazi kubwa. Mkulima wa mahindi mwenye ekari moja huhitaji tani nyingi za majani mabichi, na jasho lake huweza kuzidi faida. Faida huonekana kwa mwenye kupanda mboga zenye bei nzuri katika kipande kidogo, kama vile sukuma wiki na nyanya. Kwa maneno mengine, mbolea hii yamfaa zaidi mtu mwenye bustani ndogo kuliko mwenye shamba kubwa.

UDONGO WA EASTLANDS

Mitaa ya Eastlands haikujengwa na watu waliofikiria kilimo. Pumwani ilianzishwa mapema katika miaka ya 1920. Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940 kwa mtindo wa mji wa bustani, nyumba zikizunguka viwanja vya wazi. Baadaye wakaja Bahati, Mbotela, Ofafa, Maringo, Jericho na Jerusalem. Na katika miaka ya 1970 zikafuata Buruburu, Umoja na Dandora. Hata hivyo, tangu mwanzo wakazi wake wengi walitoka mashambani, nao waliposhika kipande cha ardhi hawakuweza kukiacha bila ya mboga. Katika mwaka 2015 serikali ya kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini, na hivyo jambo lililokuwa likifanywa kwa hofu likapata utaratibu wake.

Shida iliyobaki ni ardhi yenyewe. Magharibi ya Nairobi kuna udongo mwekundu unaolimika vizuri. Upande wa mashariki, ulio tambarare, sehemu kubwa ni udongo mweusi wa mfinyanzi. Mvua ikinyesha udongo huo huvimba, hunata kwenye jembe na viatu, na maji hutuama. Jua likiwaka hukauka ukapasuka nyufa ambazo mtu huweza kutia mkono ndani. Udongo huo hauna budi kulishwa vitu vinavyooza, yaani samadi, mboji na majani, ili uachane na kupitisha hewa na maji.

Mbolea ya dukani haifanyi kazi hiyo ya kuulegeza udongo, na bei yake hupanda bila ya taarifa. Katika mwaka 2022 mfuko wa kilo 50 ulifika shilingi 6,500, mpaka serikali ikaanza kuuza mbolea ya ruzuku kwa shilingi 3,500 mwezi wa Septemba mwaka huo. Mtu mwenye tuta mbili za mboga hanunui mfuko mzima. Hununua kwa kilo, tena kwa bei ya juu zaidi. Yeye ndiye mwenye sababu ya kulitazama upya lile ua la kando ya reli.

JINSI YA KUIPANDA

Tithonia huoteshwa kwa vipande vya shina, na njia hiyo ni rahisi kuliko mbegu. Wakati mzuri ni mvua zinapoanza, yaani mwezi wa Machi au wa Oktoba. Zikatwe fimbo katika sehemu iliyokomaa ya shina, isiyo laini ya kijani wala si kuukuu mno, kila moja yenye urefu wa sentimita 20 hadi 40. Zichomekwe wima au kwa kuinama kidogo katika udongo uliolowa, theluthi mbili zikiwa ndani, na macho yake yakitazama juu. Kuzilaza na kuzifukia zote hakufai, maana nyingi huoza. Nafasi ya sentimita 30 hivi kati ya fimbo na fimbo hutosha kufanya uzio.

Mwenye kutumia mbegu na akumbuke kwamba ni ndogo nazo huhitaji mwanga na unyevu wa juu. Zisifukiwe ndani sana. Hunyunyiziwa udongo mwembamba tu, zikafunikwa kwa nyasi kidogo, na nyasi hizo huondolewa miche inapochungulia.

Mahali pake ni ukingoni mwa kiwanja, upande ambao kivuli chake hakitaziba jua la mboga. Asiipande karibu na msingi wa nyumba wala ndani ya tuta, kwa sababu ikishika mizizi haitoki kwa urahisi. Kichaka kikifika kimo cha kifua, hukatwa kwa kisu kikali, kikaachwa nusu mita hivi kutoka ardhini, nacho huchipua tena. Akate kabla maua hayajakomaa kuwa mbegu. Kwa kufanya hivyo atapata majani laini yenye nguvu, na pia atazuia mmea usienee kwa jirani asiyeutaka.

JINSI YA KUITUMIA

Hutumika majani na vijiti laini vya kijani. Mashina magumu huwekwa kando. Kiasi kilichotumiwa sana katika majaribio ni tani 5 za majani makavu kwa hekta. Kwa bustani ndogo hesabu yake ni nyepesi: ni nusu kilo ya majani makavu kwa kila mita moja ya mraba. Kwa kuwa majani mabichi ni maji matupu kwa sehemu nne kati ya tano, nusu kilo hiyo ni sawa na kilo mbili na nusu za majani mabichi. Basi tuta lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 4 lahitaji kilo 10 za majani mabichi. Naitrojeni iliyomo ndani yake ni gramu 70 hivi, nayo ni sawa na ile iliyomo katika robo kilo ya mbolea ya dukani iitwayo CAN.

Majani hukatwakatwa vipande vifupi, yakatandazwa juu ya tuta, kisha yakafukiwa kwa jembe kina cha sentimita 15. Tuta hutiwa maji likaachwa kwa muda wa wiki moja, ndipo miche ya sukuma wiki ikapandwa. Asiyeweza kungoja huweza kuyatandaza juu ya udongo kati ya miche. Hapo yataoza polepole zaidi, lakini yatazuia jua lisinyonye maji, jambo ambalo ni faida kubwa penye mifereji isiyotoa maji kila siku.

Mwenye kupanda katika magunia hutumia njia ya maji. Majani yaliyokatwakatwa hutiwa katika kiroba, kiroba kikafungwa na kutumbukizwa ndani ya pipa la maji lenye kifuniko, kikakorogwa kila baada ya siku chache. Baada ya wiki mbili maji huwa meusi, na harufu yake si ya kupendeza. Kwa hiyo pipa lisiwekwe dirishani mwa jirani. Maji hayo huzimuliwa kwa maji safi mara mbili au zaidi, mpaka rangi iwe kama chai isiyokolea, kisha hunyweshwa mizizini mwa mboga. Yasinyunyizwe juu ya majani yatakayochumwa siku hiyo.

Mwenye shaka na afanye jaribio lake mwenyewe. Achukue matuta mawili yaliyo sawa, alipe moja tithonia na jingine alinyime, apande miche ya aina moja siku moja, na kila anapochuma apime kwa mizani na kuandika katika daftari. Karani ajuaye kuweka hesabu za ofisi hawezi kushindwa na hesabu za sukuma wiki. Baada ya miezi miwili daftari lile litamwambia ukweli wa bustani yake kuliko maneno ya mtu mwingine yeyote.

MAMBO YA KUJIHADHARI

Kwanza, tithonia haina fosforasi ya kutosha kwa mboga zinazoendelea kuchumwa mwaka mzima. Yafaa kuongeza samadi iliyooza, au mbolea kidogo yenye fosforasi. Huko magharibi ya Kenya pia matokeo mazuri yalipatikana pale tithonia ilipochanganywa na fosforasi kutoka mahali pengine.

Pili, mmea huu hauumbi chakula cha udongo, hukihamisha tu. Si kama maharagwe, ambayo mizizi yake hushirikiana na vijidudu vya kuvuta naitrojeni kutoka hewani. Kile kilichomo katika majani ya tithonia kimetoka katika udongo iliposimama. Akikata uzio uleule kila mwezi bila ya kuurudishia kitu, uzio nao utadhoofika. Maganda ya viazi, majivu kidogo na mabaki ya jikoni yakitupwa chini yake humpa mwenyewe faida mara mbili.

Tatu, majani yasikatwe mahali palipo na uchafu wa viwanda, mafuta ya magari au maji ya choo. Katika mwaka 2007 uchunguzi uliofanywa kwa niaba ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa kando ya jalala la Dandora ulionyesha kwamba udongo wa huko ulikuwa na madini ya risasi kupita kiasi kinachofaa, na watoto wengi waliopimwa walikuwa nayo katika damu. Mizizi huweza kunyonya madini ya namna hiyo ikayapeleka majanini. Mbolea iliyokatwa mahali pabaya huweza kuingiza sumu katika sufuria ya mboga. Tena asiingie katika eneo la reli kukata majani bila ya ruhusa. Fimbo chache kutoka kwa jirani mwenye uzio zatosha kuanzisha uzio wake mwenyewe.

Nne, wako watu wanaochemsha majani haya wakanywa maji yake kwa ajili ya homa ya malaria au maumivu ya tumbo. Majaribio yaliyofanywa kwa panya yameonyesha kwamba dawa hiyo huweza kudhuru figo na ini. Mwenye homa na aende zahanati akapimwe damu. Uchungu wa dawa si ushahidi wa nguvu yake.

Tano, asiipande kando ya mito wala katika viwanja vya wazi. Ni mmea wenye tabia ya kutawala, na ukiachwa bila ya kukatwa husonga mimea mingine yote.

KUTOKA JERICHO MPAKA SHAMBANI

Rudi sasa kwa yule karani. Kichaka alichokipanda kwa kudhani ni alizeti bado kimesimama ukingoni mwa kiwanja chake. Hana haja ya kukichoma moto kwa hasira. Na akikate, akifukie katika tuta, apande tena sukuma wiki zake; na matawi mazuri ayahifadhi awe na fimbo za kupanda mvua zitakapoanza. Kama angali anataka alizeti kwa ajili ya kuku, na anunue mbegu halisi dukani, zile nene zenye milia, azipande penye jua na mahali pa peke yake. Hivyo ndugu wawili hao watakaa katika kiwanja kimoja, kila mmoja akifanya kazi yake.

Naye siku atakapokwenda kwao kwa likizo ya Desemba, huenda akakuta ua lilelile limesimama kwenye uzio wa wazazi wake, likichanua bure kila mwaka, huku mama yake akilalamika kwamba mboga hazistawi na mbolea haishikiki bei. Hapo atakuwa na zawadi ya kuwapa isiyohitaji nauli ya mzigo. Atawaonyesha lile jani lililogawanyika kama vidole, atavunja kikonyo waone kilivyo kitupu ndani, kisha atachukua panga na jembe, awatengenezee tuta la kwanza kabla ya kurudi kazini.